Matumizi ya Barabara ya Garrity

Pruitt, Idaho
11 Machi 2007

Shangazi Verna mpendwa,

Salamu kutoka kwenye tope. Theluji imeanza kuyeyuka, uwanja umekuwa uji, na mbwa amepigwa marufuku kuingia jikoni. Sisi wazima. Binti yangu Corinne amepata kazi ya kufundisha Boise, na anasema kosa ni lako, wewe ndiye uliyemwambukiza ualimu. Nyumba yako niliikagua juzi. Paa limestahimili, panya ni wale wale. Nawe huko Spokane, nyumba ya wazee wanakulisha vizuri? Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilipokuuliza habari za mguu ulinijibu, "Asante, nimeshakula." Bora tuendelee na karatasi.

Sasa nikueleze. Ofisi ya misitu inachora ramani mpya ya njia zote. Barabara itakayokuwa ndani ya ramani, magari na pikipiki zitapita. Isiyokuwemo itafungwa geti, na anayetaka kupanda apande kwa miguu yake. Barabara ya Garrity haimo.

Bibi misitu mpya, Joyce Okamoto, aliitisha mkutano ukumbi wa zimamoto. Watu walijaa hadi wengine wakakalia mipira ya maji. Mimi, kama mwenyekiti wa chama chetu cha waendesha pikipiki za porini, nilifungua kwa hotuba kali: barabara ni ya umma, babu zetu waliichimba kwa sururu, hatufungiwi. Makofi. Bibi misitu akasubiri yaishe, akasema kwa upole:

"Hotuba siwezi kuiandika kwenye ripoti. Niambieni mnaitumia kwa kazi gani na mnafika wapi. Nikiandika fulani anakwenda mahali fulani kufanya jambo fulani, wakubwa wangu watalazimika kulijibu. Haya, baba wewe hapo mbele?"

Delbert Coyle akasimama. "Mimi napanda tu."

"Unafika wapi?"

"Huko juu."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia miti. Naipenda miti."

Delbert huyo, Shangazi! Aliyekata miti maisha yake yote! Na waliomfuata wakasema hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Sijapata kuona kijiji kinapenda miti namna ile. Sote tulijua tunaficha nini. Mtu wa Pruitt atakusimulia aliyempenda kabla ya mkewe, lakini anapochuma beri za zambarau za mlimani hapasemi hata akiwa anatolewa jino. Mimi mwenyewe niliulizwa, nikajibu kwamba huwa najaribu breki.

Basi rasimu imetoka. Imeandikwa: "Matumizi ya umma yanayojulikana: hakuna."

Mkutano wa pili, wa mwisho, ni Juni. Wewe umepanda barabara ile kuliko yeyote aliye hai. Tuandikie ushahidi.

Mpwao,
Wendell


Spokane
26 Machi 2007

Wendell mwanangu,

Barua imefika na harufu ya petroli, nikafurahi kama nimetembelewa. Mimi mzima. Chakula hapa ni laini mno, kila kitu kimepondwa kabla hujakitia mdomoni. Jirani yangu wa chumba anaimba usingizini, na kwa kuwa sisikii, tunapatana sana. Mwambie Corinne asiwape watoto pipi wiki ya kwanza, hatarudisha nidhamu mpaka Krismasi.

Ushahidi nimeuandika, kurasa tatu, nimeuambatisha hapa. Nimeeleza jinsi babu yako, baba yangu, alivyoendesha lori la magogo katika barabara ile nikiwa msichana mdogo, nikikaa katikati yake na breki ya mkono. Nimetaja waliojenga daraja la kwanza. Nimeeleza kwamba tangu nilipoanza kufundisha mpaka miguu iliponisaliti, haikupita Agosti ambayo sikupanda.

Kuhusu nilichokuwa nakifanya huko, hilo si la serikali.

Agosti hii utanipandisha kwenye kigari chako cha porini. Nimeshamwambia muuguzi. Kwa hiyo hakikisha hawafungi.

Shangazi yako,
Verna


Pruitt
9 Aprili 2007

Shangazi mpendwa,

Tuko salama, ila mbwa amekula glavu. Daftari la mazoezi ya mguu ulilopewa unalifuata? Husemi.

Nilimpelekea bibi misitu kurasa zako. Alizisoma zote akiwa amesimama. "Shangazi yako anaandika kama hakimu," akasema. "Lakini nimefika mwisho na sijui alikuwa anakwenda kufanya nini."

Nilimwambia hata sisi hatujui.

Nikwambie kweli, si mtu mbaya. Alinichukua hadi kijito cha kwanza akanionyesha karavati lililoziba, na tope letu la masika linavyoshuka kufunika mayai ya samaki. Akanionyesha pia nyayo za dubu jike na watoto wake katikati ya barabara. "Mkipita hapa Mei na injini, huyu anahama," akasema. Nikamwambia haya, hayo ya Mei nimeyaelewa. Lakini wazee je? Mwenye kiti cha magurudumu atapandaje mlima ule kwa miguu? Akanitazama, akasema, "Hilo ndilo nalisubiri kutoka kwenu tangu Machi. Jina la mzee, mahali anapokwenda na anachokifuata."

Jina ninalo. Naomba mahali, Shangazi. Hata kama ni kwa penseli.

Wendell


Spokane
2 Juni 2007

Wendell mwanangu,

Salamu kwa wote, na kwa mbwa. Hapa maua yamechanua dirishani na aliyeyapanda hajui majina yake, nimemfundisha.

Barua yako ya Aprili niliisoma siku ile ile ilipofika. Mwanzoni sikujibu kwa sababu ya hasira. Nimeficha mahali pale tangu vita vikuu vya pili vilipokwisha. Nilikuwa naegesha gari Kijito cha Baker, wote walione, kisha napita nyuma ya ghala la mbao hadi kwenye lori kuukuu la babu yako nililolificha, ndipo napanda Garrity taa zikiwa zimezimwa. Nikirudi, nasugua vidole kwa ndimu mpaka rangi ya zambarau iishe, ndipo napita dukani. Mtu aliyejitaabisha hivyo humwombi kwa penseli.

Baadaye sikujibu kwa sababu nilikuwa hospitalini. Sikukwambia. Sasa nakwambia: moyo umechoka, na daktari, kijana mwenye adabu, ananiambia theluji ijayo hataniahidi. Usije mbio, na usilie huku unaendesha, utagonga kulungu. Nimeishi vya kutosha, na nimekula pai nyingi.

Lakini nimelala hapa nikifikiri. Wapo watu wema wanaosema msitu uachiwe wenye miguu. Sina ugomvi na miguu. Nilikuwa nayo mizuri, niliutembea msitu ule mpaka soli zikaisha. Ila imeacha kazi kabla yangu. Geti likifungwa, mahali pangu patabaki siri kamili, siri isiyo na mtu hata mmoja wa kuifikia, nikiwemo mimi. Nami nataka kufika mara moja tena. Hilo tu. Nataka kukaa pale mdomo ukiwa wa zambarau, asubuhi ya Agosti, kabla ya hiyo theluji.

Kwa hiyo nitakuja mkutanoni niseme kwa mdomo wangu. Kwenye barua siandiki. Wewe huacha karatasi juu ya meza ya karakana, na Delbert Coyle hukaa hapo kutwa nzima na miwani yake.

Njoo unichukue asubuhi ya mkutano. Mtungi wa oksijeni ni mdogo, hautakusumbua.

Verna


Hospitalini, chumba cha mwisho upande wa maegesho
16 Juni 2007

Shangazi,

Salamu. Kwanza, sijafa. Tulikuwa tunaondoa miti iliyoangushwa na theluji kwenye Garrity, tupate kupiga picha nzuri za barabara kwa ajili ya mkutano. Mti ukateleza, nami nikasogea upande uleule uliousogelea. Mguu umevunjika pawili. Nimetundikwa hapa kama nguo.

Siwezi kuja kukuchukua, na mkutanoni sitakuwepo. Nimemtuma mwenye gari pana na nafasi ya kutosha. Usikasirike. Ni Delbert.

Kuhusu ile aya ya daktari, nimeisoma. Nitaijibu siku nyingine.

Wendell


Pruitt, nyumbani kwangu
21 Juni 2007

Wendell mwanangu,

Nimelala kitandani kwangu, panya ni wale wale kama ulivyosema. Pole ya mguu. Muuguzi aliniruhusu wiki nzima baada ya mimi kumtazama vizuri.

Najua Delbert ameshakupigia simu akakueleza mkutano. Delbert huongeza chumvi. Ilikuwa hivi.

Alifika Spokane amevaa tai. Hatukuwa hata tumetoka mjini akaanza. "Verna, niambie mimi kwanza. Heshima ya uzee."

"Heshima ya uzee ni yangu. Nimekuzidi miaka miwili."

"Basi nitajie kijito tu."

"Tazama barabara, Delbert."

Akaitazama hadi mpaka wa Idaho. Kisha: "Ni kushoto au kulia?" Nikazima kifaa cha sikio, tukasafiri kwa amani.

Ukumbini walinisukuma hadi mbele, magurudumu yakilia na mtungi mapajani. Bibi misitu wako aliinama akanisalimu kwa mikono miwili. Nimempenda. Nikasema, "Mimi ni Verna Hallstrom. Nusu ya waliomo humu nimewafundisha kusoma, na nusu ya pili nilijaribu." Wakacheka, lakini kwa woga, maana walijua linalokuja.

"Unatumia barabara ya Garrity kwa kazi gani, mama?"

"Kuchuma beri."

Wendell, mtu akaangusha kikombe.

"Mahali gani?"

Nilikuwa nimedhani neno litakataa kutoka. Likatoka kirahisi kabisa, kama kutema mbegu. Nikasema: unavuka kijito cha pili, unafika palipoungua mwaka wa moto mkubwa, unaacha gari kwenye kisiki chenye msumari, chini ya mwamba mwekundu upande wa kaskazini. Vichaka vinafika kifuani. Nikamwambia pia kwamba sasa sitembei, kwamba geti likifungwa sitapaona tena, na kwamba sina Agosti nyingine za kusubiri. Bibi misitu, huyo mtoto wa watu, akawa anaandika, anaandika.

Kisha sauti ya Mama Ostrander ikatoka nyuma: "Na Kijito cha Baker? Nimelisaka bonde lile miaka yote, sijapata hata beri moja!"

"Niliegesha pale ili usake," nikamjibu.

"Wewe mwanamke, na kanisani tunakaa benchi moja!"

Hapo Delbert akasimama na tai yake.

"Baba," bibi misitu akamwambia, "bado unapenda miti?"

"Miti siipendi. Andika hivi: Delbert Coyle, ametumia barabara ya Garrity tangu alipotoka jeshini. Kazi: kumfuata Verna Hallstrom."

Walicheka mpaka kengele ya zimamoto ikatikisika. Bibi misitu akasubiri, kalamu juu. "Ulimpata?"

"Hata mara moja. Anazima taa kwenye kona."

"Na zile beri unazoleta kila mwaka kwenye sherehe?" Mama Ostrander akauliza.

"Nanunua kando ya barabara kuu. Haya, sasa mmejua."

"Niandike ni burudani?" akauliza bibi misitu.

"Andika kazi, mama. Haikuwa burudani."

Baada ya hapo mlango ulikuwa umefunguka. Walisimama mmoja mmoja, uso umewiva, kama watu wanaotubu. Mke wa mchungaji alitaja mahali patatu. Mzee mmoja alilia alipotaja pake, mwanawe akamshika bega akasema, "Baba, najua, nami huenda hapohapo Jumatano." Mtu mwingine alitaja panapofanana sana na pako. Pole. Ramani ya ukutani ilijaa pini mpaka barabara yenyewe haikuonekana.

Njiani kurudi Delbert alipunguza mwendo darajani. Hapo akasema, "Nilikuwa nakufuata kwa ajili ya beri, unajua." Nikamwambia najua. Tukaendelea na safari.

Sasa tusubiri. Kunywa maziwa, mifupa iunge.

Verna


Pruitt
6 Agosti 2007

Shangazi mpendwa,

Niko nyumbani, na magongo. Corinne amekuja kunihudumia na ananisahihisha hata ninavyokunja gazeti. Mbwa amelala juu ya plasta yangu.

Uamuzi umetoka! Barabara ya Garrity iko kwenye ramani. Iko wazi kwa magari na pikipiki kuanzia mwezi wa saba hadi theluji ya kwanza. Masika itafungwa kwa ajili ya tope na yule dubu, na chama chetu kimekubali kubadilisha makaravati yote kwa mikono yetu. Wapo walionung'unika kuhusu geti la masika. Nimewaambia waje kwanza wabebe mawe, wanung'unike wakishachoka. Kwenye ripoti, sehemu ya matumizi imechukua kurasa kumi na moja. Delbert ameukata ule wenye jina lake, ameubandika kwenye friji.

Kuna jambo nimelichelewesha. Tangu Jumamosi magari yanapanda Garrity tangu alfajiri. Si ya Pruitt tu. Nimeona namba za magari za Montana. Umewaambia watu ukumbini, nao wana masikio. Nakutahadharisha tu.

Siwezi kuendesha kwa mguu huu. Delbert anasema kigari chake kina viti viwili na tayari amekiosha.

Ile aya ya daktari. Nimeanza kuijibu mara nyingi, Shangazi. Nilijifunza kusoma mapajani kwako. Sina la kuongeza.

Wendell wako


Pruitt, nyumbani kwangu
20 Agosti 2007

Wendell mwanangu,

Salamu kutoka barazani. Najua uko ng'ambo ya mtaa na ningeweza kukuita, lakini ungenijibu na nisingesikia, kisha ungeniuliza maswali. Kwenye karatasi naongea mimi.

Corinne alinifunga kwenye kiti cha kigari cha Delbert kwa mkanda na kamba ya kuvutia gari, mtungi akauweka katikati ya miguu. Delbert aliendesha taratibu mno hadi nikamwuliza kama tunafuata jeneza. Akakanyaga. Mwanangu, ule upepo! Harufu ya misonobari na vumbi, na injini ikitetemesha mifupa yangu yote pamoja kama babu yako alivyokuwa akiitetemesha. Kwenye kona nilimwambia azime taa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua kali, na bado akazizima.

Kisiki tulikiona. Chini ya mwamba mwekundu palikuwa na magari saba. Vichaka vyangu vimechumwa mpaka vijiti. Mwanamke mmoja alikuwa akimpangusa mtoto mashavu ya zambarau. Mzee mwenye mguu wa bandia alikuwa amekaa juu ya ndoo, anakula bila haya. Na pale kati, Wendell, bibi misitu Okamoto mwenyewe, na kopo.

"Nakagua matumizi," akasema. Ulimi wake ulikuwa wa zambarau.

Nakiri nilichokihisi: niliwachukia wote kwa muda wa pumzi moja, pamoja na mtoto. Kisha yule mzee akaniinulia kofia, akasema, "Nimeishi chini ya mlima huu miaka yangu yote na sikujua gari inafika hapa." Chuki haikupata pa kukaa.

Delbert ndiye aliyeumia. Alisimama anapekua kichaka kitupu kwa kidole, macho yamejaa. "Pole, Verna. Tumechelewa. Pole sana."

"Washa gari," nikamwambia.

"Tunarudi?"

"Nimesema washa."

Bibi misitu aliniuliza mahali ninapokwenda nikamjibu kweli tupu. Hakuniuliza kama kuna pengine. Basi nakukiri wewe peke yako: kuna pengine. Ni juu zaidi, na barabara inafika, lazima ujue pa kutazama. Pale chini nilikuwa nachumia pai. Huku juu nilikuwa nachumia nafsi yangu.

Tulipofika huko Delbert alizima injini. Matawi yameinama hadi chini kwa uzito. Alishuka, akachuma moja, akaila, akavua kofia. Miaka yote ile ya kunifuata, na amefika siku aliyokaa kiti cha mbele. Alinijazia viganja, nikala, akajaza tena. Nilikaa pale mpaka kivuli kilipogeuka. Sikufikiria daktari hata kidogo. Nilichokitaka nimekipata, Wendell, na kilikuwa kitamu vilevile.

Kesho narudi Spokane. Nguvu zimepungua, huu mwandiko unauona mwenyewe. Nyumba ni ya Corinne, na panya. Ukinizika, usiruhusu mtu asome hotuba.

Delbert ameapa hatapataja, na nimemkazia macho ya darasani, kwa hiyo usihangaike kumpa kahawa. Nami sikwambii. Barabara iko wazi mpaka theluji. Mguu ukipona, panda ukatafute.

Shangazi yako,
Verna